Somo la Afya: Maradhi ya Pumu na Namna ya Kuyatuliza



Msimu wa karafuu unapokaribia, desturi ya gazeti letu ni kuandika habari za majamvi, magunia, vibarua na bei. Safari hii tumeona yafaa kutoa somo juu ya vifua vya watu watakaoifanya kazi hiyo. Miongoni mwetu wamo wenye pumu: wachumaji, wachambuaji, watoto wa skuli, na wazee wanaolinda sakafu usiku. Wengi wao hukaa na maradhi haya kama mtu akaavyo na jirani mkorofi. Akinyamaza humsahau, na akianza fujo ndipo huhangaika kutafuta msaada.

Nia ya somo hili ni kuonyesha kwamba desturi hiyo ndiyo yenye hatari. Pumu haiondoki kifua kinapotulia. Imo ndani siku zote, na namna ya kuishi nayo salama ni kuitibu siku ambazo mtu anajiona mzima. Atakayelishika neno hili moja amelipata somo lote.

Wala tusidhani kuwa pumu ni maradhi ya kusumbua tu yasiyoua. Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, mwaka 2019 watu kiasi cha milioni 262 walikuwa na pumu, na watu 455,000 walikufa kwa maradhi hayo. Wengi wa waliokufa walikuwa katika nchi zenye kipato kidogo, ambako maradhi hayatambuliwi mapema au dawa hazipatikani kwa urahisi. Vingi katika vifo vya namna hiyo vyaweza kuzuilika.

PUMU NI KITU GANI?

Mwanachama na aufikirie mkarafuu uliopinduliwa, shina juu na matawi chini. Hivyo ndivyo zilivyo njia za pumzi kifuani. Shina ni koromeo. Shina hilo hugawanyika matawi mawili, moja kwa kila pafu, na matawi hayo hugawanyika tena na tena mpaka yakawa vijitawi vyembamba mno. Hewa hupita ndani ya mirija hiyo kwenda na kurudi.

Kwa mtu mwenye pumu mambo matatu hutokea katika mirija hiyo. La kwanza, ngozi ya ndani ya mirija huvimba na kuwa nyekundu, mfano wa jicho lililoingia pilipili. La pili, misuli midogo inayoizunguka mirija hujikaza, na mirija ikabanwa. La tatu, kohozi zito hutoka kwa wingi na kuziba nafasi iliyobaki. Basi njia iliyokuwa pana huwa nyembamba, na mgonjwa hupata taabu hasa katika kuitoa pumzi. Ndiyo sababu kifua hulia kama filimbi, mtu akakohoa, akabanwa, na pumzi zikawa fupi. Mara nyingi hali hii humzidi usiku wa manane au karibu na alfajiri.

Sasa angalieni jambo hili. Misuli iliyojikaza huweza kulegea kwa dakika chache, ama kwa dawa au yenyewe, na mgonjwa akasema, "Nimepona." Lakini ule uvimbe wa ndani hauondoki pamoja na filimbi ya kifua. Hubaki kimya kimya, na mirija huwa myepesi wa kuchokozeka. Kesho vumbi kidogo tu litatosha kuamsha tena ugonjwa.

Pumu haiambukizi. Hapana haja ya kumtengea mgonjwa kikombe wala sahani. Aghlabu hutembea katika ukoo: mzazi akiwa nayo, au akiwa na maradhi ya ngozi kuwasha na mafua ya kupiga chafya ovyo, mtoto huweza kuipata. Wengi huanza utotoni, lakini wako wanaoanza ukubwani, na baadhi yao huanza kwa sababu ya kazi wanayoifanya.

Hata hivyo si kila kikohozi ni pumu. Mtu anayekohoa wiki mbili au zaidi, hasa akikonda, akitoka jasho usiku au akitema damu, na aende akapimwe kifua kikuu. Maradhi ya moyo nayo huweza kuleta kukosa pumzi. Kwa hivyo mtu asijiite mwenye pumu mpaka tabibu amemchunguza. Pengine atapewa chombo kidogo apulize kwa nguvu, kisha avute dawa, kisha apulize tena. Nguvu ya pumzi ikiongezeka sana baada ya dawa, hiyo ni dalili kubwa ya pumu.

MAMBO YANAYOICHOKOZA PUMU

Kila mgonjwa ana vichokozi vyake, na yampasa avijue kama ajuavyo mipaka ya shamba lake. Vinavyojulikana sana ni hivi:

Mafua. Kwa watu wengi, hasa watoto, mafua ndiyo huanzisha shambulio. Wakati wa kipupwe, upepo wa kusi unapovuma na watu wamelala wengi pamoja kambini, mafua huenea upesi.

Moshi. Moshi wa kuni na wa makumbi ya nazi jikoni, moshi wa sigara, moshi wa taka zinazochomwa, na dawa ya mbu ya kuwasha. Hatuna budi kutaja pia udi na ubani. Tunaupenda moshi wake mzuri kwa wageni na kwa maharusi, lakini kifua chenye pumu hakipambanui moshi wa kunukia na moshi wa kunuka.

Vumbi la nyumbani. Katika magodoro na mito ya usufi ya zamani, na katika mazulia, huishi vidudu vidogo visivyoonekana kwa macho, na uchafu wa vidudu hivyo huchokoza pumu. Yafaa kuanika magodoro juani mara kwa mara na kufua mashuka kila wiki. Mende nao wana madhara ya namna hiyo hiyo, na kwa watu wengine paka.

Ukungu. Huota katika kuta zenye unyevu na katika vitu vilivyovunda.

Baadhi ya dawa. Wako wagonjwa ambao aspirini na dawa za maumivu za jamii yake huwaletea pumu kali. Kadhalika, baadhi ya dawa za moyo na shinikizo la damu, kama propranololi, haziwafai. Kwa hivyo mwenye pumu amwambie kila anayemwandikia au kumuuzia dawa, "Mimi nina pumu."

Kazi ya nguvu na hewa ya baridi huweza pia kukibana kifua. Lakini hii si sababu ya kumkataza mtoto asicheze wala kijana asifanye kazi. Pumu iliyotibiwa sawasawa humwacha mtu akimbie, aogelee na apande mkarafuu. Kifua kikibanwa kila mara kwa kazi, hiyo ni alama kwamba matibabu hayatoshi.

KAZI YA KARAFUU NA KIFUA

Hapa ndipo jambo linapotuhusu sisi zaidi. Karafuu mbichi mtini haina vumbi la kusumbua. Vumbi huanza inapokauka: kuigeuza juani, kupepeta, kutenga makonyo yaliyokauka, kushindilia magunia, na kufagia sakafu na ghala. Vumbi la viungo vikavu limejulikana kuwakera vifua watu wanaolivuta, na baadhi yao huwaletea pumu. Mtu akiona kifua chake hubanwa siku za kazi ya ghala na kutulia anapopumzika siku kadhaa, amwambie tabibu habari hiyo waziwazi, maana itamsaidia kuujua ugonjwa.

Tena tukumbuke karafuu zilizovunda. Karafuu mbichi zikirundikwa hupata joto na kuvunda, na zikianikwa bila kukauka sawasawa huota ukungu. Hasara yake kwenye mizani kila mwanachama anaijua. Basi ajue na hii nyingine: anayefungua gunia la namna hiyo huvuta ukungu wake kifuani. Karafuu iliyoanikwa vizuri ni faida ya mfuko na ya pumzi pamoja.

Twashauri mambo manne. Mwenye pumu apewe kazi ya kuchambua karafuu mbichi penye hewa, badala ya kushindilia magunia au kufagia ghala. Wanaopepeta wasimame mahali ambapo upepo unawatokea nyuma, na watoto wasikae upande vumbi linakokwenda. Milango na madirisha ya ghala yafunguliwe kabla ya kazi kuanza. Tena anayefanya kazi yenye vumbi jingi avae kizuia vumbi puani na mdomoni. Kitambaa cha kawaida hupunguza vumbi la chembe kubwa tu, kwa hivyo asikitegemee badala ya dawa.

KISA CHA SIGARA YA KARAFUU

Wako wanaoamini kwamba karafuu yenyewe ni dawa ya pumu, na kisa kimoja cha mbali huwatia nguvu. Husimuliwa huko Indonesia kwamba mwishoni mwa karne ya 19, katika mji wa Kudus kisiwani Java, alikuwapo mtu jina lake Haji Jamhari aliyesumbuliwa na kifua. Alijipaka mafuta ya karafuu akaona nafuu. Kisha akasaga karafuu, akachanganya na tumbaku, akavuta. Inasemekana alipata nafuu tena, na watu wakaja kutaka sigara zake. Hivyo ndivyo zilivyoanza, kwa masimulizi hayo, sigara ziitwazo kretek. Kwa miaka mingi viwanda vya sigara hizo vilikuwa wanunuzi wakubwa wa karafuu ya Unguja na Pemba, kabla Indonesia haijapanda mikarafuu ya kuitosha.

Basi sisi tuliopata riziki katika kisa hicho tuwe wa kwanza kusema ukweli wake. Karafuu ina mafuta yaitwayo eujenoli, ambayo hutia ganzi. Ndiyo sababu hutuliza jino. Ganzi hiyo humfanya mvutaji asiusikie ukali wa moshi kooni, na akadhani amepoa. Lakini moshi unaendelea kuiumiza mirija, na uvimbe unazidi. Mwenye pumu asivute sigara ya aina yoyote, iwe na karafuu au isiwe nayo. Asikae karibu na mvutaji, wala asijifukize moshi wa majani kwa kutafuta nafuu.

DAWA ZA AINA MBILI

Dawa zilizo bora kwa pumu ni za kuvuta kwa bomba dogo la mkononi, ambalo wengi huliita inhela. Ubora wake ni kwamba dawa huenda pale pale penye ugonjwa, na kiasi kidogo hutosha. Lakini mabomba hayo yana dawa za kazi mbalimbali, na kuzichanganya ndiyo chanzo cha maafa mengi.

Ya kwanza ni dawa ya kufungua. Inayojulikana sana ni salbutamoli, na bomba lake aghlabu huwa la rangi ya buluu. Hulegeza misuli iliyojikaza. Mgonjwa huona nafuu kwa dakika chache, na nafuu hiyo hukaa kiasi cha saa 4 hadi 6. Haitibu uvimbe hata kidogo.

Ya pili ni dawa ya kuzuia, kama beklometasoni au budesonidi. Hizi ni za jamii ya steroidi, na kazi yake ni kuondoa uvimbe. Mtu akiivuta haoni kitu siku ile ile. Matokeo huonekana kwa siku na wiki, akiivuta kila siku. Kwa kuwa haileti raha ya upesi, wengi huiacha, wakashikilia ile ya buluu inayoonekana kufanya kazi. Mtu huyo ni sawa na mwenye nyumba inayovuja ambaye kila mvua hukinga maji kwa ndoo lakini haezeki paa.

Zamani mwenye pumu nyepesi aliweza kupewa dawa ya kufungua peke yake. Mwaka 2019 jopo la kimataifa la wataalamu wa pumu, lijulikanalo kwa jina la GINA, liliacha kushauri hivyo kwa watu wazima na vijana. Imeonekana kwamba hata wenye pumu nyepesi hupata mashambulio makali, na kwamba kutegemea dawa ya kufungua peke yake huongeza hatari. Sasa shauri ni kwamba kila mwenye pumu awe na dawa ya kuzuia katika matibabu yake. Liko pia bomba lenye dawa mbili pamoja, budesonidi na formoteroli, ambalo hufungua na kuzuia kwa mvuto mmoja. Palipo na dawa hiyo, tabibu ataeleza namna ya kuitumia.

Hesabu ya mabomba nayo ina maana. Bomba la kufungua huwa na mivuto 200. Mtu anayemaliza mabomba 3 au zaidi kwa mwaka amo katika hatari kubwa zaidi ya kupata shambulio. Anayefikia 12, yaani moja kila mwezi, hatari yake ya kufa imeongezeka. Asisubiri, na aende akabadilishiwe matibabu.

Tumesikia maneno mawili yanayowatisha watu. La kwanza, kwamba bomba ni dawa ya mwisho, na atakayeanza hataweza kuacha. Si kweli. Bomba ni dawa ya kwanza, na halimtii mtu ulevi. Pumu ikitulia miezi miwili au mitatu, tabibu huweza kupunguza kiasi. La pili, kwamba steroidi huharibu mwili. Steroidi za vidonge, zikitumiwa muda mrefu, zina madhara kweli. Lakini angalieni vipimo: kidonge kimoja kidogo cha prednisoloni kina miligramu 5, yaani maikrogramu 5,000. Mvuto mmoja wa dawa ya kuzuia huwa na maikrogramu 100 au 200 hivi, na huenda kifuani moja kwa moja. Dhara la kawaida ni utando mweupe mdomoni au sauti kukwaruza. Kinga yake ni kusukutua kwa maji na kuyatema kila baada ya kuvuta.

Mama mja mzito asiache dawa zake kwa hofu. Pumu isiyotulizwa humnyima pumzi yeye na mtoto tumboni. Amwone tabibu, lakini dawa aendelee nayo.

NAMNA YA KUVUTA DAWA

Bomba lililotumiwa vibaya huiacha dawa mdomoni na kooni. Fuateni taratibu hii: tikisa bomba, toa pumzi yote, bana mdomo wa bomba kwa midomo, anza kuvuta pumzi polepole na papo hapo bonyeza mara moja, endelea kuvuta mpaka kifua kijae, kisha zuia pumzi kwa hesabu ya kumi. Mvuto wa pili urudie vivyo hivyo tangu mwanzo.

Watoto, wazee, na mtu aliyebanwa hawawezi kuvuta na kubonyeza kwa pamoja. Hao huhitaji chombo cha kupitishia dawa kati ya bomba na mdomo. Cha dukani kikikosekana, chupa ya plastiki hutosha. Mwaka 1999 Heather Zar na wenzake wa Cape Town, Afrika Kusini, walitoa matokeo ya majaribio kwa watoto waliobanwa na pumu. Chupa ya plastiki ya mililita 500, iliyotobolewa kitakoni na kuzibwa vizuri kuzunguka bomba, ilifanya kazi sawa na chombo cha kununua. Kikombe cha plastiki hakikufaa.

Itengenezeni hivi. Chukueni chupa safi ya maji ya mililita 500. Toboeni kitako kwa waya wa moto, tundu liwe sawasawa na mdomo wa bomba ili pasivuje, na pembeni pazibwe kwa gundi au utepe. Osheni kwa maji na sabuni, kisha iachwe ikauke yenyewe bila kufutwa kwa kitambaa. Mgonjwa huweka mdomo wake kwenye mdomo wa chupa. Bonyezeni mara moja, naye avute na kutoa pumzi polepole mara 5 au 6 ndani ya chupa, kisha ndipo mbonyeze tena.

JE, PUMU IMETULIA?

Kila mwenye pumu ajiulize maswali manne juu ya wiki 4 zilizopita. Nimebanwa mchana zaidi ya mara mbili kwa wiki? Nimeamshwa usiku na pumu, hata mara moja? Nimehitaji dawa ya kufungua zaidi ya mara mbili kwa wiki? Nimeshindwa kazi au mchezo kwa sababu ya pumu? Jibu likiwa "ndiyo" hata kwa swali moja, pumu haijatulia sawasawa. Aende kwa tabibu kabla ya msimu, asingoje mpaka yuko juu ya mti.

SHAMBULIO LIKITOKEA

Mkalisheni mgonjwa wima, asilazwe. Mlegezeeni nguo, mtoeni penye moshi na vumbi, na watu wasimsonge. Mpeni dawa ya kufungua mivuto 4, mmoja mmoja, kwa chupa ikiwapo. Ngojeni dakika 4. Asipopata nafuu mpeni mivuto 4 mingine. Bado hana nafuu, tafuteni gari mara moja, na njiani mwendelee kumpa mivuto 4 kila dakika 4 mpaka mfike. Msimpe dawa ya usingizi kwa kudhani itamtuliza.

Msingoje hata dakika hizo, bali mwanze safari huku mkimpa dawa, mkiona mojawapo ya haya: hawezi kumaliza sentensi moja bila kukatika pumzi, midomo, ulimi au kucha vimekuwa vya samawati au kijivu, mtoto ngozi yake inabonyea kati ya mbavu kila anapovuta pumzi, amechoka, anasinzia au amechanganyikiwa, au dawa ya kufungua haimfikishi saa 3 bila kubanwa tena.

Dalili moja huwadanganya watu wengi, nayo ni kimya. Kifua kilichokuwa kikilia kikinyamaza ghafla huku mgonjwa bado anahangaika, jamaa hushukuru wakidhani ametulia. Kumbe filimbi hulia kwa hewa inayopita. Ikinyamaza namna hiyo, huenda hewa imekaribia kukoma. Huo ndio wakati wa kukimbia.

Hospitali mgonjwa hupewa hewa ya oksijeni, dawa ya kufungua, na steroidi za vidonge au sindano. Akirudi nyumbani na vidonge vya siku 5 au 7, avimalize vyote hata akijiona mzima, na arudi kuonana na tabibu ndani ya siku chache.

YATUPASAYO MSIMU HUU

Mashamba yetu mengi yako mbali na barabara, na safari ya usiku kwenda Chake Chake, Wete au Mkoani hutaka matayarisho. Kwa hivyo twawaomba wenye mashamba na wasimamizi wa kambi watimize haya kabla ya uchumaji kuanza.

Waulizeni wachumaji wenu, kwa siri na kwa heshima, nani ana pumu. Asifukuzwe mtu kwa kusema kweli, maana akifukuzwa mmoja, wote waliobaki wataficha. Kila mwenye pumu aje na mabomba yake mawili, na karatasi ya tabibu inayoeleza atumie nini siku njema na afanye nini siku mbaya. Juu ya mti bomba la kufungua liwe mfukoni mwake, lisiachwe kambini. Akihisi kifua kinabana ashuke mapema, angali na nguvu ya kushika matawi. Ijulikane tangu mwanzo gari au pikipiki ya nani itaamshwa usiku, na nambari yake iandikwe mahali pa wazi.

Tena pigeni hesabu ya dawa. Anayevuta mivuto 2 asubuhi na 2 jioni hutumia 4 kwa siku, basi bomba la mivuto 200 humtosha siku 50. Aandike tarehe ya kuanza juu ya bomba. Msimu ukipita siku hizo, anunue jingine kabla la kwanza halijakwisha, ingawa anajiona hana ugonjwa. Tunajua fedha hazipatikani kabla ya mauzo. Lakini gharama ya gari la usiku, kulazwa, na siku za uchumaji zilizopotea ni kubwa kuliko bomba moja, bila kutaja hasara isiyolipika.

MASWALI YA KUJIPIMA

Twawaomba wanachama wayasome maswali haya pamoja na jamaa zao nyumbani, hasa na vijana wanaojua kusoma maandishi ya maboksi ya dawa.

1. Mambo gani matatu hutokea katika mirija ya mwenye pumu, na lipi kati yake hubaki kifua kinapotulia?

2. Ni ipi tofauti ya dawa ya kufungua na dawa ya kuzuia? Ipi huvutwa hata siku ambayo mtu hana taabu?

3. Kwa nini kifua kilichonyamaza ghafla huweza kuwa hatari kuliko kinacholia?

4. Katika kambi yako, nani ana pumu, bomba lake liko wapi, na gari litatoka wapi saa nane za usiku?

Mwanachama atakayeweza kulijibu swali la nne kabla ya karafuu ya kwanza kuchumwa atakuwa amelisoma somo hili kama tulivyokusudia.

Twawatakia msimu wa heri na pumzi njema.